Daftari la paroko au la manispaa? Kusoma majina katika kumbukumbu za kale za Italia

Tarehe 11 Oktoba 1813, katika kijiji cha Le Roncole karibu na mji wa Busseto, paroko alimbatiza mtoto wa mwenye nyumba ya wageni na kumwandika kwa Kilatini: Joseph Fortuninus Franciscus. Kesho yake baba mtu akaenda Busseto kwa msajili wa serikali. Eneo lile wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Napoleon, kwa hiyo karani akaandika kwa Kifaransa: Joseph Fortunin François. Dunia inamjua mtoto huyo kwa jina la Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera. Pekua madaftari yote mawili upendavyo, "Giuseppe" humwoni.

Hali hii humkuta karibu kila anayetafuta ukoo wa Kiitaliano, na watafutaji wa huku kwetu wapo. Wapo wanaofuatilia mateka wa vita walioletwa Kenya kuanzia 1941, wale waliojenga kile kikanisa cha Mai Mahiu kando ya barabara. Zipo parokia zinazoandika historia zao na kutaka kujua chimbuko la mapadre wa Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902 na baadaye Iringa. Picha za rejista siku hizi zinapatikana mtandaoni bila malipo, hasa kwenye tovuti ya Antenati ya hifadhi za nyaraka za taifa la Italia. Ukizifungua, unakuta mtu mmoja ana majina mawili yasiyofanana, moja la kanisani na jingine la serikalini. Ushike lipi?

Msimamo wangu ni huu. Daftari la ubatizo linakueleza mtu ni wa nani: wazazi, wasimamizi, mara nyingine hata babu, pamoja na msururu wote wa majina aliyopewa. Daftari la serikali linakueleza aliitwaje na majirani na jina la ukoo lilitamkwaje kijijini. Ukiwa nayo yote mawili, jina la kuandika kwenye mti wa ukoo litoe serikalini, na uthibitisho kwamba huyo ndiye umtafutaye utoe kanisani. Kuna mahali kanuni hii inavunjika, tena vibaya, nami nitakuonyesha ni wapi.

Anayeandika ni nani

Kanisa lilitangulia kwa mbali. Daftari la ubatizo la kale kuliko yote yaliyosalia Italia ni la Gemona, Friuli, lililoanza 1379. Firenze walikuwa na utaratibu wa kuhesabu waliobatizwa kwa maharage, jeusi kwa mtoto wa kiume na jeupe kwa wa kike. Kuanzia 1450 tunayo madaftari yenye majina. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliomalizika 1563, ndio ulioagiza maparoko watunze vitabu, na mwaka 1614 Papa Paulo V akatoa Rituale Romanum, kitabu cha ibada chenye mfano wa namna ya kuandika. Kama umewahi kufungua kitabu cha ubatizo cha misheni kongwe ya Afrika Mashariki, ukurasa wa Italia hautakushangaza. Muundo ni ule ule na Kilatini ni kile kile.

Serikali iliingia na Napoleon: Kaskazini mwaka 1806, Ufalme wa Napoli mwaka 1809. Sicilia ilifuata 1820, wakati huo ikiwa tayari chini ya wafalme wa Bourbon, ambao waliona utaratibu wa adui yao unafaa wakauendeleza. Karibu kwingineko kote, Napoleon alipoanguka usajili wa serikali ulianguka naye, mpaka Ufalme wa Italia ulipouanzisha upya tarehe 1 Januari 1866.

Kwa msomaji wa majina, tofauti kubwa iko kwenye kazi yenyewe. Paroko alikuwa akitafsiri, karani alikuwa akisikiliza. Baba akisema "Peppe", paroko aliandika Josephus, na Kilatini kikalifuta lile jina la nyumbani. Karani alimwandika Giuseppe, na kwa kuwa mkulima aliyesimama mbele yake mara nyingi hakujua kusoma, hakukuwa na wa kumsahihisha akikosea jina la ukoo. Kila mmoja ana namna yake ya kukupoteza.

Mtoto mmoja, maandishi mawili

Huu ni mfano nilioutunga kwa kufuata fomu za kawaida za Kusini mwa Italia. Kwanza wa kanisani:

*Die 14 Martii 1823. Ego infrascriptus parochus baptizavi infantem heri natum ex Josepho Rubeo quondam Antonii et Dominica Ferraria conjugibus, cui impositum fuit nomen Joannes Aloysius Maria. Matrina fuit Lucia Ferraria.*

Yaani: tarehe 14 Machi 1823, mimi paroko niliyetia sahihi hapa chini nimembatiza mtoto aliyezaliwa jana kwa Josephus Rubeus wa marehemu Antonius na Dominica Ferraria, mume na mke, akapewa jina Joannes Aloysius Maria. Msimamizi alikuwa Lucia Ferraria.

Kisha wa serikalini, nikiruka maneno ya utangulizi:

*...è comparso Giuseppe Russo, figlio del fu Antonio, di anni trenta, di professione bracciale... ed ha dichiarato di dare al fanciullo il nome di Luigi.*

Yaani: amefika Giuseppe Russo, mwana wa marehemu Antonio, umri miaka thelathini, kazi yake kibarua, akatangaza kwamba anampa mtoto jina la Luigi.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kunakili "Josepho" na "Antonii" kama yalivyo. Kilatini hubadilisha mwisho wa jina kulingana na nafasi yake katika sentensi. "Ex Josepho" ni "kwa Josephus", na "Antonii" ni "wa Antonius". Hakuna mtu aliyewahi kuitwa Antonii, ingawa miti ya ukoo mtandaoni imejaa watu wa jina hilo.

La pili ni neno dogo *quondam*, ambalo aghalabu hufupishwa kuwa *q.* Linasema baba yake Giuseppe alikwisha kufariki. Karani anasema jambo hilo hilo kwa *fu*. Kama Antonio angekuwa hai, Mwitaliano angeandika *di Antonio*, na msomaji wa pwani ataona papo hapo kwamba *di* inafanya kazi ya "bin". Herufi hizo mbili zina thamani kubwa. Ukikuta *di Antonio* mwaka 1819 na *fu Antonio* mwaka 1823, umeshajua vifo vya miaka ipi utafute, na mwandiko wowote mbaya hauwezi kukunyang'anya hilo.

Sasa jina la mtoto. Kanisani ana majina matatu, na Luigi hayumo. Au tuseme yumo, kwa sababu Aloysius ndiye Luigi. Ukiingiza "Giovanni Russo" kwenye kisanduku cha kutafutia kwa kuwa ubatizo umeanza na Joannes, utakesha. Jina la kwanza kwenye ubatizo huenda liliwekwa kwa heshima ya mtakatifu au ya msimamizi. Jina la kuitiwa likawa la pili au la tatu. Na huyo "Maria" wa mwisho asikufanye udhani ni mtoto wa kike. Wavulana wengi walipewa Maria kwa kumheshimu Bikira. Garibaldi mwenyewe, aliyezaliwa Nizza mwaka 1807, aliandikwa serikalini Joseph-Marie.

Kuna jambo jingine ambalo daftari la serikali peke yake lisingekuonyesha lote. Desturi iliyoenea sana Kusini ni mtoto wa kwanza wa kiume kuitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Wakikuyu wanaujua mpango huo bila kufundishwa. Babu hapa ni Antonio, na mtoto anaitwa Luigi. Basi ama yuko kaka mkubwa aitwaye Antonio ambaye hujamwona, ama Luigi ni jina la upande wa mama. Msimamizi Lucia Ferraria, mwenye jina la ukoo la mama, anakuelekeza kwa mama wadogo na wakubwa. Anza na vitabu vya ubatizo vya miaka mitano ya nyuma. Na ukimpata Antonio aliyefariki mchanga, usistaajabu kumkuta Antonio mwingine miaka miwili baadaye, kwa maana jina la marehemu lilirudishwa kwa mdogo wake bila wasiwasi. Watu wengi wamemzika babu yao akiwa na umri wa miezi minne kwa kutolijua hili.

Jina la ubatizo: hapa Mswahili ana faida

Orodha ndefu za majina ya Kilatini zinazozunguka mtandaoni zimeandikwa kwa ajili ya Wamarekani, ambao Aloysius kwao ni kioja. Msomaji wa Moshi, Songea au Bukoba amesoma darasa moja na akina Aloyce, Januari, Laurenti na Blasi. Majina ambayo Italia yamebaki vitabuni, kwetu bado yanaitwa kwenye rejista ya mahudhurio. Aloyce wa Moshi na Luigi wa Napoli somo wao ni mmoja.

| Kanisani | Serikalini | Nyumbani na mtaani |
|---|---|---|
| Aloysius | Luigi | Alvise (Venezia), Gigi |
| Joannes | Giovanni | Zuane (Venezia), Gianni |
| Josephus | Giuseppe | Iseppo (Venezia), Peppe (Kusini) |
| Dominicus | Domenico | Menego (Venezia), Mimmo (Kusini) |
| Bartholomaeus | Bartolomeo | Bortolo (Veneto), Meo (Toscana) |
| Hieronymus | Girolamo | Momolo (Venezia) |
| Jacobus | Giacomo | Jacopo (Toscana) |
| Januarius | Gennaro | Gennarino (Napoli) |
| Cajetanus | Gaetano | Tano (Sicilia) |

Safu ya tatu ndiyo inayosumbua. Mapadre wa eneo la Venezia hawakukaa kwenye Kilatini siku zote. Kuna vitabu vya ubatizo vyenye Zuane na Iseppo kama walivyoitwa sokoni, na huyo huyo Zuane miaka thelathini baadaye, akiandikisha mtoto wake kwa msajili, ni Giovanni. Hapo kanuni yangu inageuka, kwa sababu kanisa ndilo lililohifadhi sauti ya nyumbani, na serikali ndiyo iliyosafisha.

Vifupisho navyo vinahitaji jicho. *Gio:* ni Giovanni, *Gio. Batta* ni Giovanni Battista, *Dom.co* ni Domenico, *Ant.o* ni Antonio. Ukikuta jina linaloanza na *Xpo*, usitafute jina lenye x. Hizo ni herufi za Kiyunani za jina la Kristo, na mtu huyo anaitwa Cristoforo. Vifupisho hivi vinapatikana kwa wingi zaidi kwenye vitabu vya kanisa, ambako karatasi ilibanwa na paroko alijiandikia mwenyewe. Fomu za serikali zilichapwa, na nafasi za kujaza zilikuwa kubwa.

Kuhusu jinsia, serikali inashinda bila ubishi. Andrea, Nicola na Luca yanaishia na *a* lakini ni wanaume. Felice ni mwanamume pia. Msajili aliandika wazi *maschio* au *femmina*. Kwa paroko inabidi uangalie *natum* au *natam*, *filius* au *filia*, na mwandiko wa padre mwenye haraka unaweza kuufanya huo mwisho wa neno usisomeke kabisa.

Jina la ukoo: paroko hupaka rangi juu ya rangi

Rudi kwenye ule mfano. Kanisani "Rubeo", serikalini "Russo". Mapadre walipenda kuyavisha Kilatini hata majina ya ukoo, na Rubeus au De Rubeis huweza kuwa Rossi, De Rossi, Russo au Lo Russo. Kilatini hakikuambii ni ipi. Kijiografia utabahatisha vizuri, maana Rossi ni wa Kaskazini na Kati na Russo ni wa Kusini, lakini mpaka uone daftari la serikali, hati ya mthibitishaji (notari) au kaburi, usiandike kitu. Ferraria wa mama ni mtego mwingine. Mwisho wa *-a* umewekwa kwa kuwa ni mwanamke, na jina lenyewe huenda ni Ferraro, Ferrari au Ferrara. Jambo la kufurahisha ni kwamba mwanamke wa Kiitaliano katika madaftari yote mawili hubaki na jina la ukoo la baba yake maisha yake yote. Hakuna kumtafuta mama kwa jina la mume.

Kuna majina ya ukoo ambayo hayatoshi. Chioggia, kusini ya Venezia, nusu ya mji ni Boscolo na nusu nyingine ni Tiozzo, kwa kutia chumvi kidogo. Walilazimika kuongeza majina ya utani ya familia, na huko majina hayo yanayoitwa *detti* yaliingia rasmi kwenye hati za serikali. Katika vijiji vingine vingi jina la utani lilibaki kanisani tu, likitanguliwa na *dictus*, *vulgo* au *detto*, yaani "aitwaye". Kama unamtafuta mtu katika kijiji chenye familia ishirini za jina moja, usipoteze muda serikalini kwanza. Nenda kwa paroko, kwa sababu ndiye aliyejua Boscolo yupi anakaa nyumba ipi.

Kisha majina ya watoto waliookotwa. Esposito linanukia Napoli na lile gurudumu la makao ya watoto ya Annunziata, tundu la ukutani ambamo mama aliweza kumweka mtoto bila kuonekana, lililofungwa mwaka 1875. Roma wana Proietti, Firenze Innocenti kutokana na hospitali ya jina hilo, Milano Colombo. Kwa mtoto wa namna hii mimi huchagua serikali. Ubatizo unakwambia *ex incertis parentibus*, "wa wazazi wasiojulikana", na kunyamaza. Msajili wa Kusini anaandika saa aliyopatikana, nani alimleta, nguo alizovishwa, kama kulikuwa na utepe au nusu ya medali shingoni, kisha jina alilopewa pale pale. Ila Esposito aliyezaliwa 1850 na wazazi wanaotajwa hakuokotwa yeye. Yaliyotokea yalitokea vizazi kadhaa nyuma, na jina likarithiwa kama majina mengine.

Mama asiyetajwa

Hapa ndipo ile kanuni yangu ya mwanzo inavunjika kabisa. Tangu 1866 ndoa iliyotambuliwa na sheria ilikuwa ya serikali peke yake, mpaka mapatano ya Laterano ya 1929, kati ya Italia na Papa, yalipoipa ndoa ya kanisani nguvu ya kisheria. Wakulima wengi walioa kanisani, wakaona yametosha. Machoni pa Mungu na ya kijiji walikuwa mume na mke. Machoni pa msajili walikuwa watu wawili wasiohusiana. Kwa hiyo mtoto wao anaandikwa serikalini kwamba baba ametangaza amempata *da donna non maritata, non parente né affine*, yaani na mwanamke asiyeolewa na asiye ndugu yake wa kiasi cha kuzuia kumtambua mtoto. Jina la mama halipo kabisa.

Mjukuu anayesoma karatasi hiyo leo anadhani kuna kashfa. Anaanza kubuni hadithi za mjakazi na bwana shamba. Fungua kitabu cha ubatizo cha wiki hiyo hiyo na utamkuta mama kwa jina lake lote, na neno *conjugibus* likithibitisha kwamba padre aliwafungisha ndoa yeye mwenyewe au aliyemtangulia. Kwa miaka ya 1866 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mtoto anayeonekana wa nje ya ndoa, usiamini serikali kabla hujaona ubatizo.

Hali ya kinyume ipo pia. *N.N.*, au *padre ignoto*, ni baba asiyejulikana, na kanisani huenda ukakuta *ex patre incerto* tu. Wakati mwingine paroko, aliyejua kila kitu, aliandika zaidi ya alivyopaswa. Soma na ukingo wa ukurasa. Serikali iliongeza pembeni habari za mtoto kutambuliwa na baba au kuhalalishwa kwa ndoa ya wazazi. Kanisa, kufuatia dikrii (amri ya Papa) ya Ne Temere ya mwaka 1907, lilitakiwa kuandika ndoa ya mtu pembeni ya ubatizo wake, hata kama alifunga ndoa hiyo parokia ya mbali. Kwa aliyehamia Argentina au Asmara, mstari huo wa pembeni huwa ndiyo alama pekee iliyobaki kijijini.

Tarehe mbili zisizolingana

Kwa kifupi: usibishane na jina kwa sababu ya tofauti ya siku moja. Siku ya Kiitaliano ya zamani ilianza jua likizama na saa zilihesabiwa kutoka hapo, jambo ambalo sisi tunaohesabu saa moja usiku baada ya magharibi hatuna haja ya kuelezwa mara mbili. Ndiyo sababu *heri natus*, "aliyezaliwa jana", katika ubatizo wa Verdi inaweza kuwa tarehe 9 au 10 Oktoba. Yeye mwenyewe alishika 9, aliyoambiwa na mama yake. Tofauti ya wiki ni suala jingine. Sheria ya 1865 ilitoa siku tano za kuandikisha mtoto, na waliochelewa walisogeza tarehe. Mvulana wa mwisho wa Desemba aliandikwa Januari ili aende jeshini mwaka mmoja baadaye. Padre aliyebatiza tarehe 29 Desemba hakuwa na sababu ya kudanganya.

Na *7bre* ni Septemba, si Julai. *8bre* ni Oktoba, *9bre* Novemba, *Xbre* Desemba.

Mwaka na mahali vinakuchagulia

Mara nyingi huna uchaguzi wowote. Kabla ya Napoleon ni kanisa tu, isipokuwa kwa Wayahudi wa Roma, Livorno na kwingineko, ambao hawamo humo. Wao watafute kwenye kumbukumbu za jumuiya zao, na kuanzia Napoleon katika daftari la serikali kama raia wengine.

Kusini kati ya 1809 na 1865 ndiyo pepo ya mtafutaji. Fomu za Ufalme wa Sicilia Mbili zina safu mbili kwenye ukurasa mmoja: kushoto kuzaliwa, kulia taarifa ya paroko kwamba sakramenti ya ubatizo imetolewa siku fulani. Safu ya kulia mara nyingi haikupi zaidi ya tarehe na parokia, lakini parokia hiyo ni dhahabu katika mji wenye makanisa kumi na mawili. Anza kushoto, kisha tumia kulia kujua mlango upi wa kanisa ugonge.

Veneto chini ya Austria, na hata baada ya kuingia Italia mwaka 1866 mpaka 1871, ulinganisho wenyewe unakosa maana, kwa sababu paroko ndiye aliyekuwa msajili wa serikali. Mkono mmoja, kalamu moja. Trento na Trieste hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1920, na kwa Trieste kuna jambo la kukumbuka. Kuanzia 1927 serikali ya kifashisti ilianza kubadili majina ya ukoo ya Waslovenia na Wakroatia wa huko yawe ya Kiitaliano; Vodopivec wengi wakawa Bevilacqua. Hati za baadaye zinakuonyesha Bevilacqua kana kwamba hawakuwahi kuwa kitu kingine. Ubatizo wa kabla ya hapo una jina alilozaliwa nalo babu. Mtu yeyote mwenye asili ya maeneo hayo asikubali jina la hati ya serikali ya miaka ya 1930 bila kurudi kanisani.

Kama unatafuta karatasi, si historia

Mwombaji wa uraia au mirathi hana anasa ya kuchagua. Ofisi inataka hati ya serikali, na jina litakaloandikwa kwenye maombi ni lile la serikalini, herufi kwa herufi, hata kama familia nzima inajua Luigi alibatizwa Joannes Aloysius Maria. Ubatizo unakubalika pale ambapo usajili wa serikali ulikuwa haujaanza, mathalani babu wa Veneto aliyezaliwa 1868, na lazima uthibitishwe na kuria, yaani ofisi ya askofu, ya jimbo husika. Ujue pia kwamba sheria namba 74 ya mwaka 2025 imebana uraia wa nasaba, na kimsingi sasa haki hiyo inaishia kwa mzazi, babu au bibi. Kwa wengi waliokuwa wakihangaika na majina ya 1840 kwa ajili ya pasipoti, safari hiyo imegeuka kuwa ya udadisi tu, na kwa udadisi ubatizo una utamu zaidi.

Ukiandikia manispaa, omba *copia integrale*, nakala kamili, na si muhtasari, kwa sababu muhtasari huacha habari nyingi za pembeni na wakati mwingine majina ya ziada. Ukiandikia parokia, andika kwa Kiitaliano, taja jina kwa Kiitaliano na kwa Kilatini, weka miaka mitatu kila upande wa mwaka unaoudhani, na uombe *estratto di battesimo*, dondoo la ubatizo, pamoja na *tutte le annotazioni*, maandishi yote ya pembeni. Weka na sadaka ya parokia. Paroko hana wajibu wa kukujibu, na mara nyingi anahudumia vijiji vinne peke yake, kwa hiyo barua fupi yenye swali moja hujibiwa mapema kuliko kurasa tatu za historia ya familia.